Mkono Wako, Mama, Umetuchanganya

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hilo neno halafu nikatulia kama mjinga, nasubiri marahaba yako.

Wanao wale mapacha hawasemeshani. Tangu tumalize matanga, Kulwa akiingia kwa mlango wa mbele, Doto anatokea wa nyuma. Na chanzo ni wewe, Mama. Usinikasirikie. Chanzo ni mkono wako.

Siku ile ya mwisho sauti yako ilikuwa imekwisha kukatika. Ukainua mkono wa kulia, kiganja chini, vidole vikacheza kidogo, vikatulia. Basi. Kulwa alikuwa amesimama mlangoni, dada Doto amekaa kichwani pako, mimi miguuni na kikombe cha uji. Wote watatu tuliuona. Sasa kuna bwana mmoja anataka kuinunua hii nyumba yako ya Igogo, aivunje, ajenge stoo ya barafu ya samaki wa viwandani. Kulwa anasema Mama alituonyesha njia: nendeni, msije mkazeekea hapa kwenye moshi wa mafuta ya kukaangia. Doto anaapa kwamba vidole vilikuwa vinashika: ishikilieni nyumba, msiiachie. Kila mmoja ana uhakika mpaka jasho linamtoka. Mkono mmoja, jamani!

Halafu wananigeukia mimi. Mjomba naye kasema Shija ndiye aliyewafuata mapacha, tumboni alikaa palepale walipotoka wao, basi yeye ndiye aseme Mama alimaanisha nini. Jumamosi mnunuzi anakuja kuchukua jibu. Mimi niseme nini, Mama? Kulwa akiongea namwamini. Doto akiongea namwamini pia. Nikibaki peke yangu simwamini mtu, hata macho yangu mwenyewe.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo, wale wadudu wa ziwani walivyopanda kama moshi mweusi wakaja moja kwa moja mpaka kwetu? Kulwa alishangilia, akakimbilia karai ili awakusanyie kuku. Doto akafunga madirisha huku analia, akafunika masufuria, akafunika mtungi, akakufunika na wewe kanga kichwani. Mimi nikasimama katikati ya uwanja nimeduwaa, mdomo wazi, wakaniingia mdomoni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Wingu lilikuwa moja," ukasema, "ila mimi nimezaa mawingu matatu." Tulidhani unatania.

Hawajabadilika hata kidogo. Kulwa walipompunguza kazini alirudi anapiga mluzi, eti sasa ni ruksa, mtu afanye biashara, na haukupita muda akafungua robota la mitumba. Doto hakupunguzwa, ualimu wake upo palepale, lakini yeye ndiye aliyekosa usingizi.

Nilimwendea Mama Asha jirani, maana naye siku ile alikuwepo, nyuma ya Kulwa. Hee! Yeye anasema ulikuwa unafukuza nzi. Nikacheka, halafu nikalia palepale jikoni kwake. Akaniambia, "Shija mwanangu, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime." Nitalima wapi, Mama Asha, nikamjibu, na shamba lenyewe ndiyo hii nyumba wanayoigombania?

Nilichokiona mimi nakuambia wewe tu. Niliona unatuita. Kama ulivyokuwa unatuita kula ukiwa barazani na wateja wako wa samaki, hutaki kupaza sauti, unakunja tu vidole. Lakini Mama, katika sisi watatu mimi ndiye ninayetaka sana tukae pamoja. Sasa niliuona mkono wako, au niliona hamu yangu? Hapo ndipo ninapopotea. Nakukumbuka sana, Mama. Ungekuwepo ningekuuliza, ungenijibu kwa neno moja, nasi tungeendelea na kazi.

Leo mchana nimepika ugali na sato wa nyanya. Kulwa alikuwa ng'ambo ya barabara anapanga mitumba yake. Doto alikuwa uani anafua kanga zako tena, ingawa hakuna aliyezivaa. Nikasimama kwenye kona ya nyumba, mahali ambapo wote wawili wananiona. Nikainua mkono, kiganja chini, nikachezesha vidole taratibu kama vyako.

Wakaja wote wawili. Kulwa mbio, "Mnunuzi kafika?" Doto mbio, mikono imejaa povu, "Kuna nini? Nani kafa?"

Nikawaambia ni ugali.

Walinitazama kwa hasira, wakatazamana. Kulwa akanawa. Doto akanawa. Tumekula sinia moja, na katikati ya kula Doto akamsogezea Kulwa kichwa cha samaki, kama ulivyokuwa unamwekea wewe. Baada ya hapo wakaanza tena kubishana juu ya nyumba. Ila walibishana wamekaa.

Sijui Jumamosi tutamjibu nini yule bwana. Bado kichwa kinanizunguka. Nimewaambia mkono wa Mama siusemei. Nyumba tutaisemea sisi wenyewe, wote watatu, kwa midomo yetu.

Pumzika, Mama. Nakuahidi hili moja: chakula kikiiva nitawaita kwa mkono ule, na sitamuuliza mtu amekuja kwa nini.

Mwanao,
Shija