Mugongo ya Punda mbele ya Soko ya Kashikishi

Mama Odile, bibi yangu,

Niko na miaka makumi munane na mbili. Nimepona vita mbili, mamba moja ya ziwa Mweru, na munganga mwenye alisema sitafika Noeli. Yeye mwenyewe tulimuzika. Lakini kubakia nyuma yako wewe, ile sikuomba.

Kwetu Congo magari inapitaka kuume. Huku Zambia inapita kushoto. Ile siku, mbele ya soko, na beseni ya chisense, zile samaki kidogo, ku kichwa, uliangalia upande yenye mama yako alikufundisha. Minibasi ya Mansa ikatokea ule mwingine. Mama... naweka kalamu chini. Ngoja.

Nimerudia. Sikiliza sasa ushindi ya bwana yako.

Niliapa hakuna mama mwingine ataanguka pale. Nikaenda ku kaunsili ya Nchelenge: "Mutuwekee dodani mbele ya soko," ile tuta ya njia yenye inapunguzaka mbio ya magari kwetu. Binti ya buro hakusikia ile neno ya Kifaransa. Nikamufasiria muzuri: mugongo ya punda! Akanituma ku buro ya mifugo. Kweli, mama! Kule bakaniuliza, punda yako inagonjwa nini?

Wewe ulikuwa unaniita kichwa nguvu. Nikarudi mara tisa. Ya kumi, nikapiga magoti mu buro yao, mikono chini, mbele ya batu yote, nikainua mugongo. "Gari ni ile kalamu yako. Ipitishe hapa!" Binti akacheka mpaka machozi, akaniita babu kwa Kibemba: "Awe, Bashikulu! Kumbe unataka hampu!" Njo nikamwambia juu yako. Hakucheka tena. Akaandika barua yeye mwenyewe, mimi nikatia saini.

Injinia ya kaunsili akakuja na kamba ya kupima. Polisi bakafunga njia. Leo hampu iko mbili, na rangi nyeupe, na kibao pale bandarini, kwenye batu ya kwetu banashukia mashua, Kiswahili na Kibemba: ANGALIA KUUME KWANZA. Mashoferi bananitukana, "Weye muzee ya punda!", huku banakanyaga fren kupunguza mbio. Batukane, lakini pole pole! Kutoka siku ya hampu, hatujazika mutu ya ile njia. Hata mumoja!

Lala muzuri, mama ya batoto yangu. Nakuahidi, mvua ikifuta rangi, kaunsili itaniona asubuhi yake.

Na ukisema najisifu, Mama Kabwe, jirani yetu ya soko, amekuja kwenu wiki hii. Alivuka pale kila siku na beseni yake, na amekufa mu kitanda, kwa uzee. Muulize.

Bwana yako,
Baba Odile