Nafasi ya Zvezdan Safuni

Senada, tangu Jumanne Zvezdan wangu alipofariki sijamwandikia mtu. Leo tumemzika, na damu imemwagika makaburini.

Hata huko Vienna unaikumbuka haki ya mwanachama wa chama chetu cha matarumbeta. Ukifa, bendi nzima inakupigia hadi kaburini, na nafasi yako safuni inaachwa wazi.

Leo bendi ilipojipanga, Mwenyekiti Radiša akaenda kusimama palepale mbele, kwenye nafasi ya Zvezdan. Shemeji yangu Slaviša akamwambia taratibu, "Toka hapo, bwana. Hapo ni pa kaka yangu."

Radiša akacheka. "Bwana mdogo, Jumapili tuna harusi. Nani ataongoza bendi, maiti?"

Maiti. Alisema maiti, Senada, na jeneza halijashushwa.

Slaviša akampiga mdomoni kwa tarumbeta ya Zvezdan. Akampiga tena, na tena, palepale mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika. Radiša akaangukia ukingoni mwa kaburi, wenzake wakamrukia Slaviša wakampiga mateke, mmoja akamgonga mbavuni kwa ngoma. Rakija, ile pombe kali niliyotaka kummiminia Zvezdan kaburini, ikanimwagikia miguuni. Nililikumbatia jeneza lisipinduliwe.

Bado nasikia yale meno.

Daktari anasema Radiša hatapuliza tena tarumbeta maishani mwake.

Zvezdan tulimfukia bila muziki. Zilisikika sepeto tu.

Slaviša yuko kituo cha polisi. Jioni hii chama kimemfutia uanachama, kwa hiyo siku yake ikifika, hakuna atakayempigia.