Simu kwenye Nguzo

Newala Mjini
9 Oktoba 2005

Mdogo wangu Severina,

Salaam. Hatujambo huku, ila maji ndiyo shida ile ile. Wewe na mwanao Furaha hamjambo? Nimesikia simba kamla mtu huko bondeni, usingizi umenipaa. Likipigwa yowe wenzako watakimbia. Wewe usiyesikia, nani atakushika mkono? Ziache korosho, urudi na mtoto. Ukikataa, Barnaba aliyebeba barua hii atakupa simu. Usicheke. Ujumbe ukiingia inatetemeka. Ifunge kwenye pindo la khanga.

Kaka yako,
Vitalis

Shambani
16 Oktoba 2005

Kaka Vitalis,

Shikamoo. Tu wazima, sijui ninyi. Simu nimeipata. Huku wamecheka mpaka basi: kiziwi kapewa simu, kesho kipofu atapewa kioo. Korosho siziachi, mwaka mzima tutakula nini? Kiunoni haishiki mtandao, inashika barazani tu, juu ya nguzo. Nimeifunga hapo, ikabana. Nikibangua korosho naegemea nguzo hiyo, ukiandika mgongo wangu unapata habari. Lakini naogopa, kaka. Nikiinama kuokota, nageuka nyuma kila mara.

Mdogo wako,
Severina

2 Novemba, saa 9:10 alasiri
Simba kaonekana njia ya mtoni, anapanda kwenu. Ingia ndani na mtoto. Jibu. Kaka

Saa 9:25
Severina, jibu. Hata neno moja. Kaka

Saa 9:50
Nimeazima baiskeli ya Sadallah, nakuja. Mama analia. Kaka

Saa 10:05
Shikamoo kaka. Usije, simba yuko njia hiyo hiyo. Furaha ninaye. Wenzangu walikuwa mikoroshoni, hawana habari. Nikapiga yowe mimi. Sauti yangu unaijua, tangu utotoni naificha watu wasinicheke. Leo hakuna aliyecheka, wote wamejazana kwangu. Nimetoka nje, hapa barazani, kukujibu, naandika kwa mkono mmoja. Wa pili kaushika jirani yangu Mama Jafari, hataki kuuachia. Mdogo wako

Saa 10:20
Kaka, umeupata? Jibu. Mdogo wako

Saa 10:45
Kaka. Naomba ujibu.

Saa 11:15 jioni
Marahaba, mdogo wangu. Mtandao ulikata mteremkoni. Nimegeuza. Napanda mlima, baiskeli naikokota. Mwambie Mama Jafari asiuachie. Kaka