Tarumbeta ya Harusi Yako

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, wewe na wifi. Natumaini yale mafua yamekuachia na kazi inakwenda. Huku mimi ni mzima, cherehani ndiyo mgonjwa. Baba anakula, anatembea hadi getini bila fimbo, na bado anabishana na redio.

Umeandika kwamba mtakuja mwezi ujao, na wifi anataka amwone kwa macho yake Baba akipiga tarumbeta. Hapo ndipo kalamu iliponiwia nzito.

Kile kiharusi tulichokwambia ni kidogo kilimpitia upande wa kushoto. Mkono ulirudi, mdomo haukurudi. Akiweka tarumbeta midomoni, hewa inavuja pembeni na sauti inatoka kama tairi lenye pancha. Mtu aliyefundisha bendi nzima ya reli, kaka, alikuwa akikaa mbele ya kioo cha kabati akijifundisha upya. Anajiambia akaze pembe za midomo, asiikandamize tarumbeta, pumzi aivute kutoka tumboni. Anashikilia sauti moja, inatetemeka, inakatika. Alikuwa akiniomba nimbane shavu kwa kidole. Nambana, mate yananichuruzikia mkononi, naye ananiomba radhi. Daktari alisema tusubiri, na huu ni mwezi wa nane tunasubiri. Akijilazimisha, midomo inavimba, kesho yake hata chai inamwagika. Nilipomsihi apumzike, aliniuliza apumzike kwa kazi gani aliyofanya.

Sasa nikwambie lililonikaa moyoni. Ulipomwomba akurekodie wimbo wa kuingilia ukumbini siku ya harusi, alijaribu siku tisa. Siku ya kumi akanikabidhi tarumbeta akasema, "Mpulizie wewe."

Unakumbuka alivyokuwa akikufundisha sebuleni, mimi nikiosha vyombo? Nilikuwa nasikiliza. Mkitoka, naichukua na kujaribu. Kumbe miaka yote hiyo Baba alikuwa anajua. Basi akanisahihisha siku mbili, na tulipomaliza kurekodi akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mashavu yako yamejaa hewa," akasema. "Mwanangu atajua tu kwamba si mimi."

Hukujua, kaka. Ulipiga simu ukilia, ukasema tangu uzaliwe hujawahi kumsikia akipiga vizuri namna ile. Simu ilikuwa kwenye spika. Baba alikushukuru kwa utulivu, akaifuta tarumbeta, akaifungia sandukuni. Hajaigusa tena, na mbele ya kioo hakai.

Nisamehe kwa kukudanganya siku kubwa kama ile. Nilidhani namsaidia. Nimefikiria nimwambie ulikuwa unajua, ila ataniona mwongo. Nimefikiria kunyamaza, nanyi mnakuja. Njooni tu. Utakalomwambia sijui, mimi nimeshindwa.

Nisalimie sana wifi, mwambie nguo yake iko tayari, imebaki vifungo. Baba naye anawasalimu. Amepita hapa sasa hivi akaniuliza naandika nini kirefu hivi, nikamjibu ni salamu tu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba