Majivu Ndani ya Kamera ya Baba

Murusagamba,
14 Septemba, 2024

Kaka yangu Fideli,

Shikamoo kaka. Pokea salamu zangu, za Ntwari mume wangu, na za mama yetu ambaye goti limempa nafuu. Wifi Speciosa hajambo? Na yule ng'ombe wa pembe moja bado anagombanisha watu huko Nyantakara? Sisi tu wazima. Aline ameota meno mawili, anang'ata kila kitu. Tulipokwenda kumwandikisha ubatizo hata kidole cha padri hakikusalimika.

Barua hii anakuletea Kazimili, yule wa Fuso la maharage. Sikutaka kupiga simu. Kwenye simu ungesema sawa, sawa, halafu ungekata, na nina jambo la kukalia chini.

Kwanza habari njema: kamera ya baba inapiga picha.

Ilianza mwezi wa sita, simu ya Ntwari ilipodumbukia chooni na picha zote za Aline tangu ana siku moja. Nililia kama niliyefiwa. Mama akaniambia ninyamaze, enzi za baba yetu picha ilikaa kwenye karatasi, haikwenda chooni. Akafungua sanduku lake akaitoa kamera, ile ile, ndani ya kitenge alichoifungia tangu msiba. Akasema kama nina akili ya kufuma vitambaa, ninayo ya kuifungua hiyo, yeye amechoka kutunza maiti.

Basi nikawa naifungua mchana Aline akilala, kwa bisibisi ya Ntwari ya redio. Kila skrubu nikaichomeka kwenye mche wa sabuni kwa zamu yake, nisisahau ipi ilitoka wapi. Ndani mlikuwa na unga wa kijivu umegandia kwenye vigurudumu na kwenye kile kipazia kinachofunguka picha inapopigwa. Ntwari akasema ni kutu. Nikafuta kwa unyoya wa kuku, nikafuta kwa pamba na spiriti kwenye njiti ya kiberiti, siku kumi na moja. Skrubu moja haikuwepo kabisa, tukaweka ya redio. Siku hiyo ya kumi na moja nikavuta, nikabonyeza, ikalia kacha! Mama alikuwa uani anamenya ndizi. Akaitika kwa jina la baba, Anastazi!, kabla hajajikumbuka.

Mikanda miwili ya picha tulipewa na mzee mmoja wa Ngara mjini aliyekuwa na studio. Muda wa mikanda hiyo ulishapita, akasema tukibahatika tumwonyeshe. Wa kwanza ulikwenda Mwanza kusafishwa, zikatoka picha ishirini na mbili. Nimekuwekea moja humu. Tazama Aline anavyocheka. Na vile vidoa vyeusi juu ya kichwa chake, ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu.

Kaka, ni majivu. Niliyatia mimi.

Unakumbuka baba alipolazwa, mama akaenda kumuuguza. Aliniambia nitunze vitu vya baba visiingiliwe na wadudu. Nilikuwa na miaka tisa, na dawa niliyoijua ilikuwa moja: mbegu za maharage ukizichanganya na majivu mdudu hazigusi. Nikaivua kamera gamba lake la ngozi ili majivu yafike vizuri, nikaizika katikati ya mtungi wa maharage. Ilikaa wiki tano. Baba alipokaribia kurudi nikaitoa, nikaifuta kwa gauni langu. Akabonyeza, ikakataa. Akakutazama wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unajifunza kazi yake ya kupiga picha. Akasema mkono wako ni wa kuharibu, hutaigusa tena. Ukaapa hukuiharibu. Mimi nilikuwa mlangoni, nikanyamaza. Nilisema nitasema kesho, na kesho yake, mpaka baba akafariki nawe ukahama. Miaka kumi na tano unakuja kwa misiba tu, na hulali.

Jumapili iliyopita nilimwambia mama. Nilidhani atanilaani. Aliacha chungu mpaka kikaanza kuungua, kisha akafungua mdomo akanionyesha lile jino lililovunjika. Kumbe mwaka ule alitafuna ile skrubu ya kamera ndani ya maharage, na lawama zote alimpa fundi aliyetuezekea bati! Akacheka, akalia, akanipiga kofi moja la bega, yakaisha. Kaka, siku hizi nalala kama Aline.

Nisamehe. Mkono wako haukuharibu kitu.

Aline atabatizwa Jumapili ya tarehe 6 Oktoba. Kwenye mkanda wa pili imebaki picha moja tu. Mama amekataa kukaa mbele ya kamera. Anasema picha hiyo utampiga wewe, la sivyo ibaki humo humo. Hata Ntwari akiisogelea anaambiwa ina mwenyewe.

Njoo na wifi, na mlale. Kazimili atarudi huku Alhamisi. Mpe neno, hata moja. Msalimie Niyonzima jirani yenu, na mtubusie watoto wote.

Ni mimi mdogo wako,
Clarisse

Nimesahau: kamera iko juu ya kabati, mbali na maharage.