Mbegu za Ketrina na mvua ya bwana shamba

Rabson, natoka mkutano wa kijiji sasa hivi.

Bwana shamba kasimama anasema mvua itachelewa mpaka baada ya Krismasi, tena itakuwa chache. Huyu huyu aliyetuambia juzi juzi pandeni mapema, mvua inawahi.

Nikamwambia mimi nimeshapanda kwenye vumbi. Akasema mzee wangu, utabiri umebadilika.

Umebadilika. Kama mtu anabadili shati.

Nikasema nilizopanda ni mbegu za mahindi za marehemu mke wangu Ketrina, alizoning'iniza mwenyewe juu ya moshi jikoni. Mwenyekiti akasema Osward kaa chini, si utanunua nyingine dukani. Watu wakacheka. Walicheka Rabson, nikaondoka wakiwa bado wanacheka.

Wao wana mishahara, mvua inyeshe isinyeshe wanakula.

Nimepita shambani nimefukua mashimo. Mchwa wamezimaliza.

Sasa sikia. Ketrina alimpa mkeo fungu la mahindi yale siku zile anaumwa. Kama bado linaning'inia jikoni kwenu, mwambie asipande. Hata watangaze mvua kesho, asipande mpaka nije niguse udongo umelowa kwa mkono wangu.