Mtoto wa Kwanza wa Kijiji

Jumanne, 6 Agosti 1974
Nimejifungua salama. Mwanamume! Mama mkwe, Immakulata, amemwita Anatoli, na sheria ameshaniwekea: mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Sawa. Nani anataka kutoka nje na baridi hii?

Alhamisi, 8 Agosti
Mgambo wamefika. Amri ya serikali: wote tuhamie kijiji kipya, upande wa Titye. Mume wangu Venanti ni balozi wa nyumba kumi, basi nyumba yake itangulie kuezuliwa — awe mfano. Mama mkwe kamwambia kitovu bado. Kajibu kwamba hakuna anayemtoa mzazi nje, yeye anatoa nyasi tu. Akapanda juu na panga.

Na sisi tumo ndani! Kuta nne na mbingu. Mume gani huyu?

Jumamosi, 10 Agosti
Anatoli anakohoa. Venanti amepigiwa makofi mkutanoni, amerudi anacheka peke yake. Sisemi naye.

Jumatatu, 12 Agosti
Asubuhi kitovu kimedondoka, mchana lori. Mama mkwe alitaka akakizike kwenye migomba ya nyumbani — mgambo wakamsukuma garini nacho mkononi. Huku tumepewa kigingi chenye namba ya kiwanja na turubai la kuazima. Zahanati inakuja, wanasema. Maji nayo yanakuja. Kila kitu kinakuja!

Katibu wa kijiji kafurahi kumwona Anatoli: ndiye mtoto mchanga wa kwanza hapa. Alhamisi anakuja mkubwa kutoka mkoani, atampakata wapigwe picha.

Jumatano, 14 Agosti
Hanyonyi. Akipumua mbavu zinaingia ndani. Nilitaka nimpeleke hospitali Kasulu, hata kwa miguu. Venanti kakataa, mgeni atamkosa mtoto. Kasema kesho tutaomba lifti kwenye gari la mgeni hilohilo. Nikakubali. Mjinga mimi!

Alhamisi, 15 Agosti
Amekufa alfajiri, mikononi mwangu.

Mama mkwe alianza kulia. Venanti kamziba mdomo kwa kiganja — mama yake mzazi! Kisha akanigeukia, machozi yanamtoka, akasema taratibu: "Mfunike vizuri, Josephina. Wageni wakiondoka tutalia."

Kaniletea kitenge kipya, sijui kakitoa wapi. Mama mkwe amekaa chini, hajakiachia kile kitovu.

Ngoma zimeanza. Gari limesimama uwanjani. Katibu ananiita, nimlete mtoto aonekane.

Haya, naenda naye. Uso wake siufuniki.